Wazuri kila mwaka, mabingwa lini?

Ujumbe ulinifikia nikiwa kwenye feri ya Likoni, Oktoba 2023, nimebanwa baina ya mkokoteni wa madafu na ukuta wa chuma. Ulitoka kwa mpwa wangu, ambaye ameishi Seattle kule Marekani miaka mingi sasa, na ndiye aliyenitia mapenzi ya besiboli. "Shikamoo mjomba. Wanasema wanatufanyia hisani." Kijana huyu si mtu wa hasira, lakini siku hiyo niliisikia sauti yake ndani ya maneno yale, na ilikuwa sauti ya mtu aliyechomwa.

Mambo yalikuwa hivi. Timu yake, Seattle Mariners, ilikuwa imemaliza msimu na ushindi wa mechi 88, ikakosa mchujo wa ubingwa kwa mechi 1. Jerry Dipoto, mkuu wa shughuli za besiboli wa timu hiyo, akakaa na waandishi wa habari kueleza falsafa yake. Timu inayojiuliza kila mwaka ifanye nini ili itwae ubingwa mwaka huo huo, alisema, inaweza kujikuta imelala matopeni na isiinuke kwa miaka 10. Afadhali kujenga kikosi kizuri kinachodumu. Mwaka huu utashinda asilimia 60 ya mechi, mwaka ule 50, lakini ukishika wastani wa asilimia 54 kwa muda mrefu, utafika. Na kwa kuwaomba mashabiki wavute subira, timu ilikuwa inawafanyia hisani.

Neno hilo la hisani liliwauma watu, na wana haki. Lakini mimi nilibaki na ile namba. Kwa miaka 2 nimeibeba, nikiwa uwanja wa Mbaraki nikitazama timu yetu ya Bandari, nikiwa barazani, nikiwa kitandani na simu usiku wa manane. Je, timu ikishakuwa nzuri, iridhike? Msimamo wangu nautoa mapema: hesabu ya Dipoto haikuwa ya kijinga, na kwa sehemu nitaitetea. Ila ina tundu, na tundu lenyewe liko pale pale alipoamua kutia nanga.

Sisi watu wa Mombasa tumelelewa na kandanda, na kandanda ya ligi haina huruma kwa aliye mzuri tu. Arsenal ilimaliza ya pili Uingereza misimu 3 mfululizo, 2022/23, 2023/24 na 2024/25. Katika msimu wa katikati iliachwa kwa pointi 2. Haikupata taji, kwa sababu baada ya mechi 38 taji ni la aliyekusanya nyingi, na anayemfuata hupewa mkono. Hapa nyumbani Bandari ilimaliza ya pili 2018, ikamaliza ya pili tena 2018/19, mara zote mbili nyuma ya Gor Mahia. Ile Ngao ya 2019, kombe la mtoano, tuliishangilia kwa moyo mmoja, lakini ligi yenyewe Bandari haijawahi kuitwaa.

Besiboli haiendi hivyo. Timu ziko 30, na kila moja hucheza mechi 162, karibu kila siku, kuanzia mwanzo wa majira yao ya kuchipua hadi mwisho wa Septemba. Kisha, tangu 2022, timu 12 huingia mchujo, 6 kutoka kila upande, American League na National League. Ukishaingia, ushindi wako wa miezi 6 hukupa nafasi nzuri zaidi ya kuanzia, hukupa mechi nyingi zaidi nyumbani, na hapo umekwisha. Wa sita katika upande wake anaweza kuwa bingwa.

Tena si "anaweza" ya mdomoni. St. Louis Cardinals walitwaa ubingwa 2006 baada ya kushinda mechi 83 tu katika msimu. Atlanta Braves walitwaa 2021 wakiwa na 88, idadi ile ile ambayo haikuwapeleka Mariners popote miaka 2 baadaye. Na 2023, mwaka wa ujumbe wa mpwa wangu, timu 3 zilipita ushindi 100 au kuufikia: Braves 104, Baltimore Orioles 101, Los Angeles Dodgers 100. Zote 3 zilitolewa katika mfululizo wao wa kwanza, yaani mechi kadhaa dhidi ya mpinzani mmoja, na kwa pamoja, zote 3, zilishinda mechi 1. Fainali ikachezwa na Texas Rangers wenye ushindi 90 dhidi ya Arizona Diamondbacks wenye 84.

Sababu iko ndani ya mchezo wenyewe. Katika kandanda timu kubwa inaweza kuibana ndogo dakika zote 90, ikaishikia mpira mpaka ikachoka. Katika besiboli hata mpigaji hodari hushindwa mara 7 katika 10. Mrushaji bora wa timu, yule anayeweza kuumaliza usiku peke yake, akishatupa mpira leo anahitaji kama siku 4 za kupumzisha mkono. Kwa hiyo timu inayokutana nawe leo si ile utakayokutana nayo kesho. Chukua timu yenye uwezo wa kumshinda mpinzani fulani mechi 6 katika 10, na huo ni ubabe mkubwa katika mchezo huu. Ukiwakutanisha katika mfululizo wa mechi 5, anayetangulia kushinda 3 anapita. Timu bora itapita kama mara 68 katika 100. Mara 32 inafunga mizigo.

Mariners wenyewe walionja hilo. Mwaka 2001 walishinda mechi 116, wakaifikia rekodi iliyowekwa na Chicago Cubs mwaka 1906, kisha New York Yankees wakawatoa kwa mechi 4 kwa 1 kabla ya fainali. Mchujo hawakuuona tena hadi 2022. Timu iliyopitia hayo ina sababu ya kuogopa kuweka kila kitu katika mwaka mmoja. Kama mchujo ni bahati kwa kiasi kikubwa hivyo, busara ni kuingia mara nyingi kadiri uwezavyo, na anayetaka kuingia mara nyingi hana budi kuwa mzuri kila mwaka. Haba na haba hujaza kibaba. Mpaka hapo mimi na Dipoto tuko chombo kimoja.

Sasa nilete daftari langu. Kuanzia 2021 hadi 2025 Mariners walishinda mechi 90, 90, 88, 85 na 90. Jumla 443 katika mechi 810, ambayo ni asilimia 54.7. Ahadi imetimizwa, na ziada juu. Tena imetimizwa kwa uthabiti ambao timu nyingi zingeuonea wivu. Na katika miaka hiyo 5 waliingia mchujo mara 2.

Mara 3 walibaki nje. Mwaka 2021 waliachwa mechi 2 na wa mwisho aliyeingia. Mwaka 2023 waliachwa mechi 1. Mwaka 2024 mechi 1. Jumla ni mechi 4 katika mechi 486.

Hapo ndipo hoja ya "uzuri unatosha" inapoelemewa na mizani yake yenyewe. Timu ya ushindi 70 ukiiongezea mechi 2 hujaibadilishia chochote, na timu ya ushindi 104 ukiiongezea 2 umeiongezea heshima. Lakini timu ya ushindi 88 ukiiongezea 2 umeipa msimu mzima. Kila mtu wa Likoni anaijua hali hii kwa miguu yake: umekimbia kutoka stendi, umeteremka mteremko, umefika gatini, na feri imeshang'oa. Baina yako na chuma kuna maji ya hatua 2. Umekimbia vizuri. Aliyefika nusu saa baada yako na wewe mnangoja feri ile ile.

Kwa hiyo ukiniuliza ni wapi katika ngazi nzima timu haipaswi kutua na kusema "hapa panatosha", nitakuonyesha kidato kile kile cha asilimia 54. Ukiwa chini yake una udhuru wa kujenga upya. Ukiwa juu yake una nafasi ya kukosea. Hapo katikati, mrushaji mmoja wa ziada aliyenunuliwa Julai, mpigaji mmoja ambaye mwenye timu alimwona ghali Desemba, ndio tofauti ya kucheza Oktoba na kukaa nyumbani. Mariners walikuwa na sababu kubwa kuliko karibu timu yoyote ya kuongeza kidogo, na wao ndio walioiambia hadhara kwamba haraka haina baraka.

Nakubali pia upo upande wa pili wa maafa. Florida Marlins walitwaa ubingwa 1997, mwenye timu akawauza nyota wake, na 1998 wakapoteza mechi 108. New York Mets walilipa mishahara ya kutisha 2023 wakashinda mechi 75. Fedha bila akili huzama. Ila sioni mantiki ya kuchukua mfano wa aliyezama kwa pupa kuwa sababu ya kutotweka tanga. Tazama Dodgers. Wamecheza mchujo kila mwaka tangu 2013. Mwaka 2022 walishinda mechi 111 wakatolewa na San Diego waliokuwa na 89, na mwaka uliofuata wakatolewa tena mapema na wale Diamondbacks. Kama kuna timu iliyokuwa na ruhusa ya kusema "mchujo ni bahati, tuwe wazuri tu, tungoje", ni hiyo. Desemba 2023 wakamsajili Shohei Ohtani kwa dola milioni 700 za miaka 10. Wakatwaa ubingwa 2024, wakatwaa tena 2025. Najua Los Angeles ina utajiri ambao Seattle haina, na sitaki timu yoyote ikope mpaka ifilisike. Ninachokiona kwao ni namna walivyoipokea bahati mbaya. Walishindwa, wakarudi wakitafuta sehemu iliyo mikononi mwao, wakaiongeza.

Kuna kisa kimoja cha besiboli nisichochoka kukisimulia. Mwaka 1941, Ted Williams wa Boston alifika siku ya mwisho ya msimu akiwa na wastani wa kupiga wa .39955. Ikikadiriwa kwa tarakimu 3 hiyo husomwa .400, yaani mapigo 4 katika 10, kiwango ambacho wapigaji hukiota. Angeweza kukaa benchi siku hiyo, na vitabu vingemwandikia .400. Timu yake ilikuwa na mechi 2 kule Philadelphia alasiri hiyo. Alicheza zote 2. Alipiga 6 katika 8, akamaliza na .406, na hakuna mchezaji wa American League wala National League aliyefika .400 tangu siku hiyo. Alikuwa na kizuri tayari mkononi, kimeandikwa, akakiweka mezani mbele ya watu. Angekosa mara chache tu angekipoteza, naye alijua.

Juzi nilikaa barazani Kibokoni na mzee mmoja ambaye mwaka 1965 alikuwa mtoto wa madrasa. Huo ndio mwaka ambao Feisal ya Mombasa ilitwaa ligi ya Kenya, na tangu hapo hakuna timu ya Pwani iliyoirudia. Nilimwomba anieleze. Akakiweka kikombe cha kahawa ukutani, akakisogeza kidogo, akakiweka tena mahali pengine, ndipo nikatambua kwamba ananipangia uwanja: hiki goli, hili kashata winga wa kulia. Alieleza mpira aliouona kwa macho ya mtoto aliyebebwa begani, mpaka vumbi lilivyokuwa. Miaka 60. Nikamuuliza, na mwaka uliofuata, Feisal walimaliza wa ngapi?

"Hapo sikumbuki, mwanangu," alisema, akakichukua kikombe chake.

Sisemi miaka ya kawaida haina thamani. Jumamosi ya Mbaraki, vijana wa Ganjoni na Majengo wakiimba jukwaani, babu amemshika mjukuu mkono wakitafuta pa kukaa, hiyo ni neema yenyewe hata mechi ikiisha sare tasa. Timu inayodumu katika uzuri huwapa watu mahali pa kwenda, huwapa vijana ajira, huunganisha mtaa. Dipoto akisema timu isiuchome msitu ili iote moto usiku mmoja, ana haki. Lakini shabiki haishi katika wastani wa miaka 10. Mariners walianza 1977, na katika timu zote 30 ndiyo pekee ambayo haijawahi kucheza fainali. Kuna watu wa Seattle waliozaliwa mwaka huo ambao wamewazika wazazi wao wakiwa bado wanaingoja. Subira inayoombwa kwa mtu kama huyo inakatwa katika umri wake, na anayeomba kitu cha namna hiyo hawezi kukiita hisani.

Manahodha waliokuwa wakiingia Bandari ya Kale walijua kupanga haya mawili. Kaskazi ikivuma, kuanzia Desemba hivi, majahazi yalishuka kutoka Arabuni na Bara Hindi. Kusi ikishika, kuanzia Aprili, yalirudi. Baina ya pepo hizo chombo kilipandishwa pwani, kikakalafatiwa nyufa zikazibwa, kikapakwa sifa, yale mafuta ya papa, tanga likashonwa. Hakuna aliyeidharau kazi hiyo. Lakini nahodha aliyeona upepo umegeuka akaendelea kukalafati, kwa hoja kwamba chombo kilichotunzwa hudumu, alikuwa amepoteza mwaka mzima.

Mwaka 2025 upepo uligeuka Seattle. Cal Raleigh, mshikaji wao wa nyuma ya kibao, kazi inayovunja magoti na vidole, alipiga mipira 60 iliyovuka ukuta wa uwanja, idadi ambayo hakuna mshikaji aliyewahi kuikaribia. Na Dipoto, namshukuru kwa dhati kwa hili, safari hii hakukaa. Julai aliwatoa vijana wa akiba akawaleta wapigaji Josh Naylor na Eugenio Suárez kutoka Arizona. Timu ikatwaa ubingwa wa kundi lake kwa mara ya kwanza tangu 2001. Ikaitoa Detroit katika mechi ya duru 15, badala ya 9 za kawaida. Ikaingia Toronto kwa mfululizo wa mwisho kabla ya fainali, anayetangulia kushinda 4 anapita, ikashinda mechi 2 za kwanza ugenini. Katika mechi ya 5 Suárez akapiga mpira uliovuka ukuta huku wenzake wakiwa wamejaa vituo vyote, pigo moja la alama 4, na Seattle ikabakiza ushindi 1 kufika fainali ya kwanza katika historia yake. Mtu aliyeandika nadharia ya asilimia 54 ndiye aliyeivunja, na kwa kuivunja akafika mahali ambapo nadharia peke yake haikuwahi kumfikisha.

Ya 6 wakapoteza. Ya 7 ilianza saa tisa usiku kwetu, usiku wa kuamkia Oktoba 21. Niliitazama sebuleni, simu nimeiegemeza kwenye chupa ya chai, sauti nimeizima nisimwamshe mtu. Adhana ya alfajiri ilikuwa imeshapita tulipofika duru ya 7, Seattle wakiongoza 3 kwa 1. Toronto wakaweka wakimbiaji 2 vituoni, cha pili na cha tatu. Kocha Dan Wilson akatoka kumbadilisha mrushaji, akamwita Eduard Bazardo. Andrés Muñoz, mrushaji wao wa kumalizia mechi, mkono wao mkali kuliko yote saa za mwisho, akabaki nje, kwa kuwa desturi ya msimu ni kumweka kwa ajili ya mwisho.

Namtetea Wilson kidogo, maana makocha wengi wangefanya vile, na Bazardo si mrushaji dhaifu. Desturi ile ina akili yake ukiwa na mechi 162: usimchoshe aliye bora leo, utamhitaji kesho na kesho kutwa. Lakini ule ulikuwa usiku usio na kesho, na hatari kubwa kuliko zote ilikuwa imesimama pale, katika duru ya 7, haikungoja ya 9. George Springer aliupiga mpira ukavuka ukuta wa kushoto, wakarudi watu 3, kila mmoja na alama yake, ikawa 4 kwa 3, na ikabaki hivyo hadi mwisho.

Mpwa wangu alipiga simu kabla jua halijachomoza Mombasa. Kwao ilikuwa saa mbili usiku hivi. Hatukusalimiana.

"Mjomba, Muñoz?"

Nikamwambia nimeona. Akanyamaza, nami nikanyamaza, na nyuma yake nikamsikia mwanawe mdogo anauliza kama kesho kuna mechi.